Watatu Majini, Mmoja Ufukweni

"Nyote mwajua kuogelea?" muuzaji aliuliza.

Tulikuwa tumesimama uani kwake, Mtwapa, chini ya mkungu. Mbele yetu kulikuwa na kayaki tatu zilizolazwa juu ya matairi makuukuu. Mke wangu alikuwa ameinama akisoma bei zilizoandikwa kwa chaki. Mwanangu wa miaka 6 alikuwa ameshaingia ndani ya moja na kuanza kupiga kafi hewani kwa mikono mitupu. Mimi nikajibu kwa niaba ya familia nzima.

"Naam, sote."

Binti yangu, mwenye miaka 10, aligeuka akanitazama. Hakusema neno. Alinitazama tu kwa muda, kama vile mtu anavyoitazama saa iliyosimama, kisha akarudisha macho kwenye kayaki.

Yeye alijua. Kila tulipokwenda Nyali, watoto na mama yao waliingia majini, na mimi nikabaki mchangani na viatu, simu na funguo za gari. Miaka yote hiyo nilidhani watoto wanaamini kwamba hiyo ndiyo kazi ya baba: kulinda viatu.

Nimezaliwa kisiwani Mombasa. Hapa mtu hawezi kutoka wala kuingia bila kuvuka maji. Ukienda kaskazini kuna daraja la Nyali, ukienda bara kuna Makupa, ukienda kusini kuna feri ya Likoni. Nimekula samaki tangu nilipoota meno. Naweza kukutajia majina ya pepo, kusi na kaskazi, na kukueleza tofauti ya bamvua na maji mafu. Lakini nilifika umri wa miaka 36 bila kujua kuelea hata kwa dakika moja.

Sababu yake ina tarehe. Ijumaa, 29 Aprili 1994, asubuhi, feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa bado karibu na ufuko. Ilikuwa imebeba watu kupita uwezo wake, wengi wao wakielekea kazini kisiwani. Waliokufa walizidi 270. Mdogo wake mama yangu alikuwa humo. Alikuwa fundi cherehani, na kila asubuhi alipovuka alipitia kwetu Majengo kunywa chai kabla ya kwenda dukani. Nilikuwa na miaka 6. Nakumbuka kikombe chake kilivyobaki kimefunikwa na kisahani mpaka jioni, kwa sababu hakuna aliyethubutu kukiondoa mezani.

Baada ya hapo Mama aliweka sheria moja, na hakuwahi kuieleza. Maji ni ya kutawadhia. Ufukweni twaweza kwenda, mchangani twaweza kucheza, lakini maji yasipite kifundo cha mguu. Wenzangu wa mtaani walijifunza kuogelea kwa kurukia maji pale kwenye ngazi za mawe, na mimi nilikuwa nawashikia nguo. Kumbe kazi ya kulinda viatu nilianza zamani.

Kaka yake Mama, Mjomba wangu, alifanya kinyume chake kabisa. Yeye ni mvuvi. Arobaini ilipokwisha, alirudi baharini. Baadaye akahamia Mtwapa, na mpaka leo ana hori lake ambalo analipiga kafi huko mtoni akitega samaki. Ndugu wawili walipata msiba mmoja, mmoja akayapa maji mgongo, mwingine akaendelea kuyaingia kila siku. Sijawahi kuwasikia wakibishana juu ya jambo hilo. Sijawahi kuwasikia wakilizungumza hata kidogo.

Jumapili jioni huwa tunakwenda Mama Ngina, kama watu wengi wa Mombasa. Tunakula mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, tunakunywa madafu, tunatazama meli zikipita mlangoni mwa bahari. Jumapili moja binti yangu aliuliza, huku akilamba chumvi vidoleni, "Kwani sisi huwa tunaingia lini?"

"Tunaingia wapi?"

"Huko," akaonyesha kwa kidole chenye pilipili.

Usiku ule nilianza kutafuta chombo. Mashua ya injini ilikuwa nje ya uwezo wetu, na tanga lahitaji elimu ambayo sina. Kayaki haili mafuta, haihitaji gati, inakaa nyuma ya nyumba na kusafiri juu ya paa la gari. Mke wangu aliposikia akasema, "Wewe? Kayaki?" Nikamwambia ni kwa ajili ya watoto. Yeye ni mtu wa Nyeri. Alijifunza kuogelea kwenye bwawa la chuo kikuu, bila mawimbi wala chumvi, na ndiye mwogeleaji bora katika nyumba yetu ya watu wa pwani.

Nilisoma kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Nikajua kwamba kayaki ni ya Wainuiti, watu wa Aktiki, na jina lenyewe limetokana na neno lao, qajaq. Wawindaji waliitengeneza kwa fremu ya mbao au mifupa, wakaivika ngozi ya sili. Kila mtu alijitengenezea yake kwa vipimo vya mwili wake, urefu kwa pima za mikono yake, upana kwa nyonga zake. Akishaketi humo, anajifunga na vazi lisilopitisha maji mpaka yeye na chombo wanakuwa kitu kimoja. Katika bahari yenye barafu, kulowa ni kufa.

Nikajaza daftari. Kayaki za leo ambazo mtu wa familia atakutana nazo ni za aina tatu. Kuna za kukaa ndani, ambazo ni wajukuu wa moja kwa moja wa zile za Wainuiti. Hizo ni nyembamba, zina kasi, na humkinga mtu na upepo na maji. Kuna za kukaa juu, ambazo ni kama ubao mnene wa plastiki wenye uwazi ndani yake. Humo unaketi kwenye kibonde kilicho juu, na maji yanayorukia hutokea kwenye matundu yaliyopenya toka juu mpaka chini. Kisha kuna za kujaza upepo, ambazo hukunjwa na kutiwa ndani ya begi. Nikaandika pia kwamba chombo kipana hutulia zaidi lakini hakikimbii, na kirefu hunyooka zaidi lakini hugeuka kwa shida.

Uani kwa yule muuzaji zilikuwapo zote tatu. Ya kukaa ndani ilikuwa ya manjano, ndefu, imechongoka omo na tezi kama samaki nguru. Ya kujaza upepo ilikuwa ya buluu na karibu mpya. Ya kukaa juu ilikuwa ya watu wawili, na kati yao kibonde kidogo cha mtoto. Ilikuwa pana, nzito, rangi yake ya chungwa imepauka kwa jua, na kwa kusema kweli ilifanana na sahani ya pilau.

Moyo wangu ulikwenda kwenye ile ya manjano. Niliiona kwenye picha kabla hata sijainunua: mimi nimeinyoosha mgongo, mkondo umetulia, jua linazama nyuma ya mikoko. Kwenye picha hiyo, nikitazama vizuri, sikuwa na watoto.

Tuliahidi kurudi, na Jumamosi iliyofuata nikamchukua Mjomba. Alikuja na kikoi chake na kofia ya kazi, akaizunguka ya manjano taratibu, kama mtu aliye mnadani.

"Nzuri," alisema. "Nzuri kama mchumba wa mwenzio."

Muuzaji akacheka. Mjomba hakucheka.

"Sasa nambie. Hiki chombo kikipinduka, mtoto mmoja yuko huku, mwingine yuko kule, wewe unaanza kumvuta nani?"

"Hakipinduki ovyo, Mjomba. Nimesoma kwamba..."

"Sikukuuliza kama kinapinduka. Kila chombo hupinduka. Nimekuuliza kikipinduka."

Sikuwa na jibu. Aliinama, akagonga ubavu wa kayaki kwa konzi ya kidole, akasikiliza. "Kikiwa kimekaa wima, kila chombo ni kizuri," alisema. "Kipinduwe kwanza, ndipo ukichague."

Garini, tukiwa tumesimama kwenye foleni ya Mtwapa, nilizima redio. "Mjomba, mimi sijui kuogelea."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Mtoto wa dada yangu, nisijue?" Alitazama nje, wauza korosho wakipita baina ya magari. "Nilimwambia mamako nitakufunza. Ulikuwa na miaka 8. Akanambia, 'Mimi nishatoa mmoja.' Ningemjibu nini?"

Hatukusema zaidi. Tulipofika kwake, kabla hajashuka, akaongeza kwamba siku ile ya Mtongwe yeye alikuwa miongoni mwa waliotoka na mitumbwi. Ndipo nikaelewa kwamba swali lake la nani aanze kumvuta nani halikuwa fumbo. Alikuwa amewahi kuulizwa swali hilo na bahari yenyewe, asubuhi, akiwa na kafi mkononi.

Basi manunuzi yakaahirishwa kwa miezi mitatu, na mimi nikaanza shule.

Mwalimu wangu alikuwa binti yangu. Mjomba alisimamia, lakini yeye ni wa kizazi kilichojifunza kwa kutupwa majini, na nilimwomba asinitupe. Kila Jumamosi tulikwenda Bamburi, maji yakiwa yamepwa na bahari ya ndani ya mwamba imetulia kama karai. Binti yangu aliweka kiganja kidogo chini ya kisogo changu, kingine chini ya mgongo.

"Baba, usipigane nayo. Lala tu."

Kilo 78 za mwanamume mzima zikajaribu kulala juu ya viganja viwili vya mtoto. Nilizama mara nyingi. Nilimeza maji ya chumvi mpaka mke wangu akasema nitaanza kutaga mayai. Watoto wa mtaa walikusanyika kutazama. Jumamosi ya nne, masikio yangu yakiwa ndani ya maji na ulimwengu wote umenyamaza, nilisikia moyo wangu ukidunda, kisha nikaona uso wa binti yangu umesimama mbali kidogo, na mikono yake yote miwili iko hewani.

Sikuwa mwogeleaji wa kusifiwa. Mwisho wa miezi mitatu niliweza kwenda mita 50 hivi, kwa mtindo ambao Mjomba aliuita wa mbuzi. Lakini niliweza kuelea nikapumzika, kugeuka, na kuelea tena. Nilijifunza pia kwamba jaketi la kuokolea maisha huvaliwa hata na anayejua kuogelea. Anayegongwa kichwa na ubavu wa chombo hana nafasi ya kukumbuka mtindo wowote. Tulinunua majaketi kabla ya kayaki. La mtoto halichaguliwi kwa kukadiria atakavyokua. Unamvika, unafunga mikanda yote, unalivuta juu kwa mabega. Likipanda mpaka masikioni, ni kubwa, lirudishe. La mwanangu lina mkanda unaopita katikati ya miguu, na filimbi ambayo tulijuta kumwonyesha.

Tuliporudi kwa muuzaji, mimi ndiye nilianza. "Siku ile nilikudanganya. Nilikuwa sijui kuogelea."

"Wengi hunidanganya," alisema bila kushangaa. "Ndio maana simwachii mtu mpaka nimwone majini."

Alikubali tuzijaribu zote. Mjomba alichagua saa: maji yamekaribia kujaa, mkondo umelegea, na siku ya maji mafu, wala si bamvua. Hapa kwetu wakati wa bamvua maji huweza kupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na maji yote hayo, yakitoka mtoni kwa saa sita, hupita kwenye mlango mmoja. Akachagua na mahali, ndani kabisa ya mto, mbali na mlango wa bahari.

Nilianza na ile ya manjano. Nikaketi, nikapiga kafi mara kumi, na kwa dakika mbili nilikuwa yule mtu wa kwenye picha. Kisha Mjomba, ndani ya hori lake, akaniashiria kwa kidevu. Nikainama upande mmoja, na kayaki ikanimwaga.

Nilitoka kwa urahisi kuliko nilivyoogopa. Taabu ilianza baada ya hapo. Kayaki ilikuwa imejaa maji, inaelea nusu nusu kama beseni. Kila nilipojaribu kuipanda, ilijiviringisha na kunirudisha nilikotoka. Wapo wanaojua kuipanda, kuimwaga na hata kuinua wakiwa wangali wameketi ndani yake. Ni elimu nzuri na inafundishika. Mimi nilikuwa na elimu ya miezi mitatu ya mtindo wa mbuzi. Tuliisukuma mpaka ufukweni na kuimwaga watu wawili. Muda wote huo nilijiuliza, mwanangu angekuwa ameshikwa na mkono upi?

Ya kujaza upepo ilipandika vizuri, na mke wangu aliipenda kwa kuwa angeweza kuibeba peke yake. Lakini upepo mdogo tu ulipovuma, omo yake iligeuka kama jani, na ilitaka kwenda ulikokwenda upepo, si alikotaka yeye. Halafu Mjomba akatuonyesha mizizi ya mikoko maji yakianza kupwa. Imejaa chaza, na kila chaza ana makali kama kisu. Kwa ziwa lenye mchanga ingefaa. Kwa mto huu, tungeishi kwa viraka.

Ya tatu, ile sahani ya pilau, ilikuwa na urefu wa mita 3.7, upana wa sentimita 86 na uzito wa kilo 32. Ilinichukua nguvu kuipindua. Ilipopinduka haikuwa na mahali pa kujazia maji, kwa kuwa kila kilichoingia juu kilitokea kwenye matundu. Nikaigeuza, nikanyoosha mikono mpaka ubavu wa pili, nikapiga miguu, nikajivuta. Kwanza tumbo, kisha kitako, mwisho miguu. Nilikuwa juu. Binti yangu akaomba naye, akarudi juu kabla sijamaliza kuhesabu kumi. Akajirusha tena kwa makusudi. Akarudi tena. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo vitabu vyote vilinieleza bila mimi kusikia. Mwinuiti alijifungia ndani kwa sababu kwake kulowa ni kufa. Maji ya kwetu ni ya uvuguvugu mwaka mzima. Kwetu kulowa ni mchezo, mradi uweze kurudi juu.

Mjomba akaigeuza tumbo juu na kuikagua. Alipapasa karibu na tezi, ambapo chombo kilichoburuzwa sana huchakaa na kuwa chembamba. Alibonyeza plastiki kwa dole gumba akitafuta pale ambapo jua limeifanya kavu na ya kuvunjika. Akafungua kizibo, akamimina ndoo ya maji ndani ya tumbo lake, tukakaa tukinywa soda huku tukitazama kama kuna tone litakalotoka. Halikutoka. Bei, baada ya kuteta na kucheka na kuondoka na kuitwa tena, ilikuwa kama karo ya muhula mmoja ya watoto wawili. Nikasema nitalipa kesho.

Jioni hiyo nilikwenda kwa Mama. Nilikuwa nimemwogopa kuliko mkondo wowote. Nilimkuta jikoni amekalia mbuzi, anakuna nazi. Nilimwamkia, nikaketi kwenye kigoda, nikamwambia yote kwa mkupuo mmoja, hata habari ya kuogelea. Aliendelea kukuna. Nilipomwonyesha picha kwenye simu aliitazama kwa muda mrefu.

"Mbona imetoboka?"

Nikamweleza habari ya matundu. Akaguna. Kwa kuwa hakunifukuza, nilipata ujasiri, nikatoa daftari na kumsomea hesabu zangu. Uwezo wa chombo ni kilo 220. Mimi 78, mke wangu 64, binti 31, mdogo wake 19. Jumla 192. "Twatosha sote, Mama, na kilo 28 zinabaki."

Mkono wake ukasimama juu ya mbuzi.

"Hata ile," alisema, "ilikuwa na namba yake ukutani."

Katika miaka 30, hilo ndilo neno la kwanza nililomsikia akisema juu ya feri ile. Hakulisema kwa hasira. Kisha akaendelea kukuna nazi, na mimi nikatazama daftari langu kama mtu aliyekamatwa akiiba.

Nilirudi nyumbani, nikasoma upya yale niliyoyaruka. Namba ile ni ukomo, si mwaliko. Kayaki iliyojazwa mpaka ukomo wake huzama chini, hugeuka kwa uzito, mawimbi huipanda, na kurudi juu yake baada ya kuanguka huwa shida. Waendeshaji wazoefu hushauri mtu akae karibu na theluthi mbili. Theluthi mbili za 220 ni kama 147. Mimi na watoto wawili ni 128. Mke wangu na watoto ni 114. Mimi na yeye peke yetu ni 142. Sisi wanne, kamwe.

Ndivyo tulivyonunua kayaki ya familia isiyoweza kubeba familia. Nilipomweleza mke wangu, nilitarajia angevunjika moyo. Alifikiri kidogo. "Tutapokezana," alisema. "Na anayebaki ana simu, anatutazama. Si afadhali?" Ilikuwa afadhali.

Majaribio ya kwanza yalikuwa yetu wawili. Waendeshaji wa Kizungu wana utani kwamba kayaki ya watu wawili ni mashua ya talaka, na baada ya nusu saa tulielewa kwa nini. Mimi napiga kafi kulia, yeye kulia, tunazunguka. Mimi nasema "kushoto," yeye anauliza kushoto kwa nani. Mjomba alitupita na hori lake akitazama pembeni kwa heshima, kama mtu aliyepita mlangoni akasikia wanandoa wakigombana. Mwishowe tulikubaliana: aliye mbele anaweka mwendo, aliye nyuma anafuata na kunyamaza. Mimi hukaa nyuma.

Safari yetu ya kwanza na watoto ilikuwa Jumapili ya maji mafu. Kanuni ya Mjomba ni fupi: toka na maji yanayojaa, rudi yakianza kupwa. Maji yanayojaa hukupeleka ndani ya mto, mbali na bahari. Yakigeuka, hukurudisha nyumbani bila kuchoka, mradi ushuke pwani kabla ya kufika mlangoni. Tulipofika na gari, Mjomba alikuwa ameshafika, na kando yake, juu ya mkeka chini ya mti, aliketi Mama. Amejitanda leso. Chupa ya chai iko mbele yake. Hakuna aliyesema kitu kuhusu jambo hilo, na mimi sikutaka kuwa wa kwanza.

Zamu ya kwanza ilikuwa ya mke wangu na watoto. Nilikagua mikanda ya majaketi, nikavuta kwa mabega, nikasukuma tezi mpaka maji yakanifika kiunoni.

"Ngojeni," Mama aliita. "Mko wangapi?"

Watoto walitazamana. "Watatu, Bibi!"

"Semeni tena."

"Watatu!"

Akapunga mkono, wakaenda. Mwanangu akapuliza filimbi mpaka walipopinda kwenye mikoko na kupotea machoni.

Nilirudi nikakaa kandoni mwa mkeka. Miguuni pangu kulikuwa na jozi tatu za viatu, simu na funguo. Niliviona nikataka kucheka. Kazi ilikuwa ileile. Tofauti ni kwamba sasa jaketi langu lilikuwa limefungwa, na nilijua kwamba nikiitwa naweza kuviacha.

Mama alimimina chai, akanipa kikombe.

"Wewe ukianguka huko, unaelea?"

"Naelea, Mama."

"Nani alikufunza?"

"Mjukuu wako."

Alinyamaza. Maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye mizizi, hayaendi wala hayarudi.

"Mdogo wangu hakujua," alisema. "Kuzaliwa Mtongwe, maji mlangoni, na hakujua. Baba alimfunza kaka yenu huyu, sisi wasichana hakutufunza."

Mjomba alikuwa amechutama karibu na hori lake, ametupa mgongo. Hakugeuka, lakini aliacha kufunga kamba aliyokuwa akiifunga.

Sikujua la kusema, kwa hiyo nilikunywa chai. Kwa miaka yote niliamini kwamba Mama anayachukia maji. Sikuwahi kufikiri kwamba huenda kulikuwa na swali jingine, dogo kuliko bahari, ambalo amekaa nalo tangu nikiwa na miaka 6.

Filimbi ikasikika kwanza. Kisha omo ya rangi ya chungwa ikachomoza kwenye kona ya mikoko. Mama alisimama. Akatembea mpaka maji yalipomfika kwenye vifundo vya miguu, akasimama hapo, leso yake ameikunja mkononi, na mkono mwingine ameuinua kukinga jua.

"Mmoja," akasema. "Wawili. Watatu."

Walipofika karibu zaidi, akahesabu tena.